Mkopo uliofutika kwa chai

Chai ilimwagika juu ya daftari la kikoba chetu, na katibu ni mimi. Ukurasa wa mama mmoja muuza vitenge ulibaki na maneno machache yanayosomeka: miezi 6, riba asilimia 2.5 kwa mwezi ya kiasi kilichokopwa, jumla ya marejesho 345,000. Palipoandikwa mkopo wenyewe, wino ulikuwa umetambaa wote. Riba tunagawana mwisho wa mzunguko, kwa hiyo ilikuwa lazima tujue mtaji ni upi na faida ni ipi.

Nikajiona mjanja. Mbili na nusu mara 6 ni 15, basi nikatoa asilimia 15 ya 345,000, yaani 51,750. Ikabaki 293,250.

“Mwanangu,” mama akaniambia, “hiyo mia mbili hamsini ya mwishoni mlinikopesha lini?”

Nikahakiki. Asilimia 15 ya 293,250, ukijumlisha na hiyo 293,250, inatoa 337,237.50. Haifiki. Hapo nikaona nilipoteleza: riba ilitozwa juu ya mkopo, mimi nimeikata kwenye jumla.

Nikauita mkopo M:

M + 0.15M = 345,000

Nikakwama tena, maana M ziko mbili. Nikaihamisha moja: M = 345,000 − 0.15M. Haikusaidia kitu, kwani ili niipate M ilibidi niwe nayo tayari. Nikaufuta mstari huo, nikaitazama M kama gunia. Gunia zima, ukiongeza sehemu 15 katika 100 za gunia hilohilo, ni magunia 1.15. Basi 1.15M = 345,000. Nikagawa pande zote mbili kwa 1.15, ikatoka 300,000 kamili. Mama akacheka tu. Laki tatu ndizo alizokuwa akizisema tangu asubuhi, ila mweka hazina alitaka hesabu.

Usiku nikaandika kwa herufi tupu, J ikiwa jumla, K kiwango cha mwezi kwa desimali, T miezi:

J = M + MKT

M iko kwenye vipande vyote viwili, kwa hiyo inatoka nje ya mabano: J = M(1 + KT). Kisha M = J ÷ (1 + KT).

Wiki iliyofuata mwanachama aliyekopa 200,000 akataka kujua 220,000 ni marejesho ya miezi mingapi. T ipo mahali pamoja tu, ikawa rahisi: T = (J − M) ÷ (MK). Elfu 20 kugawa kwa elfu 5 za riba ya kila mwezi, miezi 4.

Daftari jipya tumelivika nailoni. Chai inakuja mahesabu yakishafungwa.