Nguzo ya siti ya titaniamu, nimeitoa ule ubluu

Wiki nzima nilikuwa uani na beseni la maji na msasa, leo nimemaliza. Fremu ya baiskeli yangu ni titaniamu tupu, ule ukijivu wake wa asili, halafu nguzo ya siti niliyoipata mtumba ilikuwa bluu inayoelekea zambarau pamoja na bolti zake, na kila nikiiangalia roho inaniuma, fremu ile haitaki mapambo kabisa.

Sasa mjue ile sio rangi ya kupaka. Ni utando wa oksidi, yaani titaniamu yenyewe ikiungana na oksijeni, umekuzwa kwa umeme, mwanga unaorudi juu ya utando ukikutana na ule unaorudi chini yake ndo jicho linaona bluu. Volti ndo zinaamua, kwenye 30 hivi unapata bluu, 60 inakuwa dhahabu, ukivuka 100 inaingia kijani. Na utando wote haufiki sehemu moja ya elfu tano ya milimita, ndo maana mkono tu unatosha.

Jamaa yangu aliniambia loweka kwenye kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, dakika chache imetoka. Hapana jamani, hiyo ni ya alumini, tena alumini yenyewe inaliwa humo huku inatoa hidrojeni, titaniamu haishtuki. Kinachoila kweli ni asidi ya hidrofloriki, imo kwenye baadhi ya dawa za kutoa kutu, na hiyo nawaomba sana msiiguse nyumbani. Ikiwa hafifu inaweza isiume hadi masaa yapite, wakati huo imeshapenya chini ya ngozi inakula kalsiamu ya mwili, watu wamekufa kwa hiyo kitu. Rangi ya baiskeli haina thamani hiyo.

Mimi nilitumia msasa wa maji namba 600, nikakata utepe mrefu nikauzungusha kwenye nguzo nikawa navuta huku na huku kama anavyofanya mpiga kiwi viatu na kitambaa chake, halafu Scotch-Brite, kile kitambaa kigumu cha kusugulia, kulainisha. Loanisha muda wote, vumbi la titaniamu linashika moto. Na usianze na msasa mkali kama 80 eti uwahi, mikwaruzo mirefu ndo inakuja kuzaa nyufa baadae. Sehemu inayozama ndani ya fremu niliiacha, nani ataiona.

Bolti nilizungushia tepu kwenye nyuzi, nikabana kwenye drili taratibu nikasugua vichwa tu. Kabla ya kurudisha paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania maana titaniamu ikikaza kavu kuitoa ni kesi.

Kitu kimoja kilinisumbua, ikiwa na maji au mafuta ya vidole rangi inabadilika, nilidhani nimemaliza kumbe bado. Futa na spiriti, iache ikauke, kaitazame juani. Yangu bado ina kamstari ka bluu ndani ya tundu la ufunguo wa kila bolti, msasa haufiki mle, nimekaacha.