Nilivyoiwekea filta ya oili Volkswagen ya baba

Volkswagen Beetle ya mwaka 1972 aliyoniachia marehemu baba ilitoka kiwandani bila filta ya oili. Nikisema hivyo watu wengi hubisha, hadi nilale chini niwaonyeshe. Pale chini ya injini kuna chujio la waya tu, kama la chai, limekaa juu ya kifuniko chenye nati sita ndogo. Linazuia kipande cha gasketi au chuma kilichovunjika. Vumbi laini na unga wa chuma vinapita.

Kiwanda kilikuwa na hesabu yake: mwaga oili kila kilomita 5,000 na uchafu utatoka nayo. Baba aliishika hesabu hiyo miaka yote aliyofundisha Magu. Lakini oili yenyewe ni lita 2.5 peke yake, na injini hii haina rejeta wala maji. Upepo wa feni na hiyo oili ndivyo vinavyoipoza. Yaani lita mbili na nusu zinalainisha, zinapoza na zinabeba uchafu wote.

Mimi ninakaa Buzuruga, jijini Mwanza, na Jumamosi nyingi ninakwenda Magu kwa mama, kilomita 60 hivi. Lami ni nzuri, ila ukishaiacha ni vumbi mpaka mlangoni. Ilifika mahali oili inakuwa nyeusi ndani ya wiki tatu. Nikichomoa kijiti na kusugua oili kati ya vidole, nahisi chembe. Halafu ile taa ya oili ikaanza kupepesa kwenye foleni ya Mabatini, jua la saa nane. Taa ya Beetle haiwaki mpaka presha ya oili iwe imeshuka chini ya psi 7 (psi ni kipimo cha presha). Ikipepesa na injini iko saileni, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, huenda tayari kuna beringi imelika.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa Nyakato aliyeanza na magari haya tangu ujana wake. Injini ya Beetle imeshikwa na bolti nne tu, ikashuka chini kabla ya chai ya saa nne. Alipoitenganisha bloku, maana bloku yake ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kama maharage kwenye ganda, tukaona beringi kubwa zina mistari, moja imeshaonyesha rangi ya shaba. Hiyo ni kazi ya uchafu.

Nikamwambia: mzee, kwa kuwa bloku iko wazi, tuiwekee filta. Hakupenda.

"Ng'wanawane, baba yako kaendesha hivihivi mpaka kastaafu. Kila mpira utakaouongeza ni mlango mwingine wa oili kutokea."

Nilimsihi siku mbili. Nilikuwa nimeshasoma jinsi kazi inavyofanyika, na ni hivi. Kwa kawaida pampu inanyonya oili chini na kuisukuma moja kwa moja kwenye mfereji ulio ndani ya bloku. Unachofanya ni kuziba lile tundu la pampu la kutolea oili, kisha unaweka kifuniko cha pampu chenye mdomo wa nje. Oili inatoka hapo, inapita kwenye mpira hadi kwenye filta, halafu inarudi kwa mpira wa pili kwenye mfereji uleule, kupitia tundu unalotoboa na kukata tredi kwenye bloku. Oili yote inachujwa kabla ya kugusa beringi. Kabla ya kununua pampu, hakikisha inaendana na kemshafti uliyonayo, ile shafti inayoizungusha pampu, kwa sababu haziko aina moja.

Kutoboa tuliachia fundi kereza. Bloku ya Beetle ni ya magnizi (magnesiamu), laini, na tredi ikiharibika umeharibu bloku. Alipaka grisi kwenye tepu, kile chuma cha kukatia tredi, ili vumbi la chuma ling'ang'anie pale, akawa anaingiza nusu mzunguko, anarudisha, anafuta. Zile chenga za magnizi usizikusanye karibu na moto wa kuchomelea, zinashika moto vibaya sana.

Sehemu niliyoisimamia kwa mkono wangu ni kuosha. Nilinunua brashi ya kuoshea chupa za watoto na lita tano za mafuta ya taa, nikasukuma brashi kwenye kila mfereji, nikapuliza kwa kompresa, nikarudia. Mara ya kwanza yalitoka mafuta yenye kung'aa kama samaki. Mara ya pili kidogo. Mara ya tatu niliyakinga kwenye bakuli jeupe na sikuona kitu. Ilichukua saa mbili na nusu, na ninaamini ndizo zilizoiokoa injini hii kuliko filta yenyewe. Ukitoboa bloku bila kuifungua wala kuiosha, umeingiza vyuma kwenye beringi kwa mkono wako.

Kosa nililifanya kwenye mipira. Dukani nilipewa mpira mweusi mnene, nikaambiwa unabeba oili, nikaubana kwa klampu za kawaida. Siku ya kwanza ulitulia. Safari ya pili, nikiwa nimepita Kisesa, nikasikia harufu ya oili inaungua, na kabla sijafikiri taa nyekundu ikawaka. Nilizima palepale, nikaweka fri, gari likajiburuza hadi pembeni. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye mdomo wa pampu. Oili ilikuwa barabarani, mstari mweusi nyuma yangu. Vijana wawili wa bodaboda walinisaidia kusukuma, na mmoja akanifuatia oili Kisesa bila kunipandishia bei. Namshukuru mpaka leo. Injini haikudhurika kwa sababu moja: sikusema ngoja nifike pale mbele.

Mzee wa Nyakato alikuwa sahihi kuhusu ile milango. Safari hii nilikwenda kwa watu wanaotengeneza mipira ya haidroliki ya mitambo, wale wanaobana vichwa vya chuma kwa mashine. Mipira miwili, vichwa vya nati, hakuna klampu hata moja. Pale mpira unapopita karibu na bati nikauvisha kipande cha mpira mkuukuu ili usikwaruzwe. Filta nikaifunga ndani ya madigadi ya nyuma kushoto, mbali na ekzosi, na mbele yake nikaweka bati la kukinga mawe.

Jingine ni tredi ya filta. Kitako cha filta yangu kina tredi ya inchi robo tatu, nyuzi 16 kwa inchi. Filta za baadhi ya magari ya Kijapani ni milimita 20. Ukiijaribu inaingia, inazunguka, inakaza, ukadhani umefunga. Ishike uitikise kabla haijafika mwisho: ikicheza cheza, itoe. Itashika siku mbili na kuachia njiani. Mimi huenda dukani na kitako chenyewe mkononi.

Kabla ya kuwasha niliijaza filta oili, nikachomoa waya wa koili ili injini isiwake, nikapiga stata vipindi vifupi hadi geji ya presha ya oili niliyoiongeza ikanyanyuka. Ndipo nikarudisha waya. Geji niliiweka ya umeme, ikashirikiana tundu moja na swichi ya taa kwa kiungo cha T, nikaiacha taa pia. Kitabu cha gari kinasema psi 42 injini ikiwa na mizunguko 2,500 kwa dakika na oili ikiwa na nyuzi joto 70, na isishuke chini ya 28. Mimi nikiwa mwendo wa 80 gia ya nne, ambao uko karibu na mizunguko hiyo, napata 38 oili ikiwa ya moto. Saileni ni 11. Kwa injini ya umri huu nimeridhika.

Kuna watu watakushauri umimine oili nzito ya SAE 50 ili geji ipande. Kwa mfumo huu usikubali. Valvu ya kupunguza presha iko ndani ya bloku, baada ya filta, kwa hiyo asubuhi oili nzito ikiwa baridi, filta na mipira vinabeba nguvu yote ya pampu. Natumia 20W-50, ambayo ikiwa baridi ni nyepesi kuliko SAE 50, na kwa dakika mbili za kwanza sikanyagi mafuta. Sasa inaingia lita 3 badala ya 2.5. Ile chafu naiweka kwenye dumu na kumpa seremala anayepaka nguzo. Mtaroni haiendi, kwa sababu mitaro yetu inaishia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani tunakochota maji.

Filta ya kwanza niliitoa baada ya kilomita 1,000. Nikaikata bati, nikaikunjua karatasi yake juu ya gazeti, nikaiacha juani ichuruzike. Kwenye mikunjo kulikuwa na vinyuzi vya silikoni ya gasketi, na chembe zinazometa. Nikapitisha sumaku: nyingine ziliruka, nyingine zikabaki, zile za beringi. Mzee alikuja kuangalia, akavaa miwani, akaichukua karatasi akaisogeza karibu na uso. Alikaa nayo muda.

"Na hivi vyote vilikuwa vinazunguka humu ndani?"

Ya pili, kilomita 5,000 baadaye, ilikuwa nyeusi tu, haina kinachometa. Wiki iliyopita amenipigia simu kuniuliza kile kifuniko cha pampu nilikipata wapi. Ana Beetle ya mteja, na injini iko wazi.