Coney Island, sisi wale wale

Nimefika nyumbani sasa hivi, viatu bado vimejaa mchanga.

Leo tumerudi Coney Island, kule kwenye michezo ya ufukweni New York, wanne wale wale wa enzi zile. Cyclone, kile kitreni cha mbao cha mwaka 1927 kinachopanda na kushuka kwa kasi, bado kinalia kama kitanda kibovu. Nimepiga mayowe kuliko wote, sikatai.

Lakini Wonder Wheel, lile gurudumu kubwa la kupanda watu, ndiyo iliyonigusa. Ina vibanda 24, na 16 kati yake havitulii: vinateleza kwenye reli gurudumu likizunguka. Zamani tuligombania hivyo vinavyoteleza.

Leo, bila hata kuambiana, sote tukajipanga foleni ya vile vilivyotulia.

Tukatazamana.

Tulicheka mpaka machozi, bahari yote ikiwa chini yetu.

Nyie mngepanda kipi? Semeni ukweli 😄