Tulivyomshusha ba'mdogo mlimani mwaka wa El Nino

Watu wengi ukiwatajia Tanga wanawaza bahari na mkonge basi, hawajui kwamba ukitoka Muheza ukapandisha kwenda Amani unaingia kwenye msitu wa mvua kabisa, miti mirefu mpaka shingo inauma ukiangalia juu, na ndo huko nlikozaliwa mimi. Kijiji chetu kipo mbele ya Amani, enzi hizo basi lilikuwa linaishia hukohuko nyuma na kilichobaki ni miguu yako.

Kule unyevu ndo unatawala kila kitu. Nguo ukifua wakati wa mvua haikauki, unaitundika juu ya moto jikoni kwa hiyo kijiji kizima tunanukia moshi, viatu vya sikukuu ukivisahau chini ya kitanda unavikuta vimeota kuvu, chumvi inageuka maji kwenye kopo, kiberiti bibi alikuwa anakifunga kwenye nailoni anakichomeka darini karibu na moshi na mtoto akikigusa anachapwa. Chakula tulikuwa nacho lakini, magimbi, ndizi, mihogo, njaa sikumbuki. Pesa ndo ilikuwa iliki. Iliki inapenda kivuli cha miti mikubwa, na matunda yake yanatoka chini kabisa ya shina, karibu yanagusa udongo, kwa hiyo kuichuma unachuchumaa kutwa nzima kwenye majani yaliyolowa, halafu ukaushe, halafu gunia lipande kichwani likatafute mnunuzi.

Ba'mdogo wangu alikuwa mbebaji hodari kuliko wote pale kwetu, anabeba yake anabeba na ya wajane. Kumbe alikuwa na ngiri, ule ugonjwa wa utumbo kushuka na kuvimba kwenye nyonga. Tanga ngiri kwa wanaume ni kitu cha kawaida sana lakini hakuna anayeisema, ni aibu, yeye alikuwa anajifunga kitambaa kiunoni chini ya suruali anaendelea na mizigo na aliyekuwa anajua ni ma'mdogo tu.

Sasa mwaka 1997, wenye umri wangu mtakumbuka, vuli ilikuja na El Nino na ikagoma kukatika. Sisi mvua tumeizoea, lakini ile ilikuwa nyingine, usiku unasikia mlima unaguna na asubuhi unakuta shamba la mtu limeteremka bondeni na migomba yake imesimama vilevile. Barabara ya Amani kushuka Sigi, ile yenye kona kali, udongo ukaporomoka ikafunga. Basi hakuna, dagaa hakuna, mafuta ya taa yakaisha tukawa tunalala na giza.

Usiku mmoja ma'mdogo akaja kugonga kwetu analia, "Shemeji, amka, mwenzio anakufa huku." Tukakimbia mimi na baba. Tukamkuta ba'mdogo amejikunja kitandani, jasho linamtoka na ile baridi yote, anatapika maji ya kijani, na baba alipomfunua akakuta uvimbe kwenye nyonga mgumu kama jiwe, haurudi ndani, ukiuweka kidole tu anapiga kelele. Mzee mmoja akaleta majani ya kuchemsha. Mama mmoja aliyekuwa anahudumu zahanati, Mungu ambariki popote alipo, alikuja na taa ya mkononi, akaangalia, akasema msimpe kunywa kitu chochote, utumbo umenasa, hii ni ya kupasuliwa, akichelewa utumbo unaoza, mbebeni sa hivi hivi.

Bas baba akatoka nje akapiga yowe. Kwetu yowe la usiku halihitaji maelezo, wanaume wakatoka kila nyumba wengine wamejifunika viroba vya mbolea kichwani. Machela ilitengenezwa palepale, miti miwili ya mkaratusi, magunia mawili ya iliki yakatobolewa pembe yakavalishwa kwenye ile miti, blanketi juu. Magunia yalikuwa bado yana vumbi la iliki, na ile harufu mpaka leo nikiisikia kwenye chai nakumbuka usiku ule.

Machela mlimani ina utaratibu wake na nataka vijana mnaosoma mjue, sababu wengi siku hizi mmekuta barabara. Wanabeba wanne, warefu wanakaa upande wa chini ili mgonjwa alale sawa, mwingine anatangulia na panga na mwanga anasema "jiwe", "mzizi", "teleza", na nyuma wanakuja wa kupokezana. Hakuna kutua. Anayechoka anasema "pokea mgosi" na bega jipya linaingia huku mnatembea. Mimi kijana nimemaliza la saba nilipewa mwanga, kipande cha mpira wa tairi kinachowaka, na kazi yangu ilikuwa kisizimike na ile mvua.

Pale palipoporomoka ndo palikuwa pabaya. Njia haipo, kuna tope jekundu linashuka na miti imeng'oka na mizizi yake. Walifunga kamba mgonjwa asidondoke, wakakaa chini kwa makalio, machela ikapitishwa mikono kwa mikono kama wanashusha tofali, kila mtu amejichimbia kisigino kwenye tope. Ba'mdogo alikuwa anaguna tu, halafu akanyamaza, na kule kunyamaza ndo kulituogopesha zaidi. Baba akawa anamwita jina lake kila baada ya hatua kadhaa mpaka aitike.

Kulipokucha tupo Sigi, ukungu umebaki juu, joto la chini limeshaanza, tukapiga mguu mpaka Kisiwani na pale tukapata pikapu ya machungwa. Yule dereva sikumjua jina, alishusha mzigo wa watu wote akauacha pembeni ya barabara, akasema "pandisheni mzee wenu". Hela hakupokea.

Hospitali walimpasua sikuhiyohiyo. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeshakufa wakakikata, akakaa wodini muda mrefu na wale waliombeba walirudi mlimani kwa miguu siku ileile wakiwa hawajalala. Hakuna aliyelipwa, machela hailipwi, aliporudi nyumbani alichinja mbuzi wakala wote.

Na siku ile ya mbuzi ndo alifanya kitu ambacho mimi nlimheshimu nacho mpaka kifo chake. Alisimama mbele ya wanaume wote, akafungua shati akawaonyesha mshono, akasema, "Nimeificha miaka, nikawaita nyinyi usiku wa mvua mje muhatarishe maisha yenu. Mwenye nayo humu aseme leo, jua linawaka." Kimya kikapita kirefu. Halafu mzee mmoja, tena mkubwa kwake, akasema mimi ninayo. Akafuata mwingine. Barabara ilipofunguliwa walishuka na basi la kwanza, ba'mdogo akiwasindikiza, na ma'mdogo amewafungashia magimbi ya njiani.