Nyungu ilinifungua pua, au nilidhani hivyo

Mafua yaliniziba pua siku nne, nikawa nalala nimekaa. Mama akachemsha majani ya mkaratusi, akanifunika blanketi nivute mvuke: nyungu, kama ile ya wakati wa korona 2020. Dakika kumi tu nikahisi upepo unapita. Lakini kamasi lilikuwa palepale! Kumbe mafuta ya mkaratusi huamsha neva zinazohisi ubaridi puani, ukadhani hewa inapita zaidi. Watafiti waliopima njia ya hewa puani hawakuiona ikipanuka.

Kilichonisaidia ni maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye robo lita ya maji yaliyochemka yakapoa, nikasukutua pua asubuhi na jioni. Siku ya pili nililala chali. Nyungu bado naipenda, ila sufuria siiweki karibu na mtoto. Mvuke na maji yale huunguza.