Mfaume huyo hana mwana

Watu wakiniona dukani hapa Langoni, Lamu, na lile buku nene, jambo la kwanza kuniuliza ni habari za majoka. Majoka yenyewe, kwa taarifa yenu, katika A Game of Thrones yanaanguliwa kwenye sura ya mwisho kabisa. Kabla ya hapo ni kurasa zaidi ya 600 za ndugu, mashemeji, watoto wa ndoa na watoto wa nje. Anayetafuta moto wa majoka tu atachoka mapema. Mimi nilinaswa na ukoo.

George R. R. Martin alikitoa mwaka 1996. Kila sura ina jina la mhusika mmoja, na humo unaona anayoyaona yeye tu. Mara uko na Catelyn, mama ambaye mwanawe ameanguka kutoka mnarani, kisha akatumiwa muuaji kitandani. Mara uko na Tyrion, ambaye Catelyn huyohuyo amemkamata akidhani ndiye aliyemtuma muuaji. Uchungu wa mama unaujua, na huyu naye unamwona hana hatia. Kukamatwa huko ndiko kunakowasha vita, na vinapowaka wewe msomaji una mtu wako kila upande.

Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mwanzoni mwa karne ya 19, Pate na Wamazrui wa Mombasa walikuja kuipiga Lamu, wakashindwa pale Shela. Inasimuliwa kuwa maji yalikupwa, majahazi yao yakabaki mchangani, wakakosa pa kukimbilia. Tunaisimulia kama sifa yetu, na ni haki yetu. Lakini Pate na Lamu ni watu waliooana tangu zamani. Mwanamke wa Lamu aliyeolewa Pate, siku ile alimwombea nani, mume au kakaye? Katika masimulizi niliyoyasikia mimi, huyo hatajwi. Riwaya ya namna hii ingempa sura yake nzima.

Bibi yangu hasomi Kiingereza, kwa hiyo baada ya Isha namsimulia huku akisuka ukili. Karamu hataki kuzisikia (Martin anapenda mno kuorodhesha vyakula, hata mimi naviruka). Anachotaka ni nasaba. Kila jina jipya likitokea: "Mamake ni nani?" Mwanzo aliniudhi, kwani alinikata kila nilipofika patamu.

Usiku mmoja nikamweleza kwamba Mfalme Robert ana nywele nyeusi, na watoto watatu wa malkia wote wana nywele za dhahabu, kama mama yao na pacha wake wa kiume. Mkono wa Bibi ukasita kwenye ukili. "Mfaume huyo hana mwana."

Eddard Stark, waziri wa mfalme, alihitaji kufunua buku zima la nasaba na kuzunguka mji mpaka afike hapo. Na alipofika, akamwendea malkia mwenyewe, akamwambia anayoyajua ili apate kuwatorosha watoto wasije wakauawa. Mwisho wake alikatwa kichwa. Wasomaji wengi hapo hukitupa kitabu kwa hasira. Bibi hakushangaa hata kidogo. "Ungwana umemuua," akasema, akaendelea kusuka.

Kisha akanirudisha kwa Fumo Liyongo, ambaye silaha za watu hazikumweza mpaka sultani wa Pate alipomnunua mwanawe wa kumzaa kwa ahadi ya kuozwa binti. Sindano ya shaba, kitovuni, baba amelala. Muhammad Kijumwa aliyatia katika utendi mwaka 1913, ila Bibi anayo kutoka kwa mamake. Yule mtoto msaliti alimpitia haraka. Alipokaa sana ni kwa mama: Liyongo amepiga goti kisimani na upinde wake, watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai, na anayetumwa kwenda kumbembeleza ni mamake.

Sasa tuko kitabu cha tatu cha mfululizo huo wa Martin. Juzi nikamwambia ukweli, kwamba cha tano kilitoka 2011 na cha sita bado hakijatoka. Akauliza mwandishi ana umri gani. Nikamjibu amezaliwa 1948.

"Mdogo wangu huyo," akasema. "Naandike."