Puto jekundu kwenye futi 70

Jumamosi moja ya Machi 2022, asubuhi, nilisimama uani kwangu Virginia nimeshika uzi wa kuvulia samaki, na juu kabisa kwenye ncha ya uzi puto jekundu linayumba. Uzi ule tuliupima usiku wa kuamkia siku hiyo, mke wangu kashika ncha moja jikoni, mimi nikirudi kinyumenyume hadi mlango wa mbele, kisha tena, kisha tena, mpaka zikatimia futi 70. Hapo nikapiga fundo. Nilikuwa nimewaandikia majirani wote: siku fulani, saa tatu hadi saa tano asubuhi, puto litapaa hadi pale mnara wangu wa redio utakapofika. Tazameni kutoka popote mnapokaa, kisha mniambie.

Wengi walitazamia madirishani. Jirani wa upande wa mashariki, bibi mjane wa miaka zaidi ya sabini, alitoka kabisa hadi kwenye uzio.

"Ndiyo pale?" akauliza.

"Ndiyo pale, bibi."

Akanyamaza. Nilijua lile puto lilikuwa limening'inia katikati ya machweo yake.

Nimekulia Tanga, nyumba yenye redio moja ya mkulima. Mzee wetu alichukua waya wa shaba, akamtuma kaka kuupandisha mwembeni, akaupitisha dirishani na kuusokota kwenye antena. Kabla ya waya ule, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa inakuja na kuondoka kama mtu anayeongea huku anatembea. Baada yake msomaji wa habari alikuwa kama amekaa nasi barazani. Betri zikichoka tulizianika juani, zikapata roho ya siku mbili tatu. Siku moja upepo wa kusi ukaangusha waya hadi kwenye tawi la chini, na sauti ikafifia hapohapo. Mzee hakuigusa redio. Alitoka nje akatazama juu. Nilikuwa na miaka minane hivi, na tangu siku hiyo sijawahi kuilaumu redio kabla ya kutazama antena.

Marekani nilifika mtu mzima. Kazini kulikuwa na mzee mmoja mwenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya mtu kuzungumza na wenzake hewani kutoka nyumbani kwa mapenzi tu, naye ndiye aliyenieleza kwamba leseni ile haidai uraia. Asiyeruhusiwa ni mwakilishi wa serikali ya kigeni. Mtihani wa daraja la kwanza una maswali 35, ukipata 26 umefaulu. Nikafanya huo, nikafanya wa pili, na mwaka uliofuata wa tatu, wenye maswali 50. Leseni yenyewe ni ya miaka kumi. Nikaanza na kipande cha waya kilichojificha chini ya paa la nyumba ya kupanga, na kwa waya ule nilizungumza na Florida, Texas, mara mbili tatu Ulaya. Afrika Mashariki sikuisikia hata siku moja. Nilijua vituo vipo, herufi za kuvitambulisha Kenya zinaanza na 5Z, Tanzania 5H, Uganda 5X. Wenzangu wenye minara walikuwa wananiambia, jana nimeongea na watu wa kwenu. Niliumia, sitaficha.

Tulipoamua kununua nyumba, sharti langu lilikuwa moja, na mke wangu alilivumilia mwaka mzima: mtaa usiwe na chama cha wenye nyumba. Mitaa mingi mipya ya Marekani ina mikataba inayomfunga kila mnunuzi, rangi ya mlango, urefu wa majani, na karibu kila mara marufuku ya antena nje. Mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya nchi ile, FCC, ilitoa uamuzi unaoitwa PRB-1, unaozitaka serikali za mitaa ziwape watu wa redio ya ridhaa nafasi ya kutosha na kuweka masharti machache kadiri inavyowezekana. Lakini uamuzi huo unazifunga serikali tu. Mkataba ulioutia saini mwenyewe haukuokoi nao. Tuliacha nyumba nzuri mbili kwa sababu hiyo, moja ilikuwa na jiko ambalo mke wangu hulitaja mpaka leo.

Nyumba tuliyoipata ni ya zamani, ina uwanja mrefu nyuma na mwaloni mkubwa. Kanuni za kaunti ziliruhusu kimo cha futi 35 bila maneno. Kupita hapo, uombe kibali maalumu, upite tume ya mipango, kisha baraza la kaunti, na kila mahali wananchi wasikilizwe. Sheria ya jimbo la Virginia nayo inasema wazi: penye msongamano wa zaidi ya watu 120 kwa maili moja ya mraba, kanuni za mitaa haziwezi kubana mnara wa redio ya ridhaa chini ya futi 75, penye watu wachache kuliko hapo, chini ya futi 200. Serikali za mitaa zinabaki na haki ya kuamua umbali kutoka mpakani, mahali pa kuusimamisha, na kuufunika kwa miti.

Rafiki zangu wa redio walinishauri niombe 75 na niende na nakala ya sheria mkononi. Niliomba 70. Mnara wa vipande vinavyoingiana, unaopandishwa kwa winchi na kushushwa hadi kama futi 23. Sikupenda kuanza ujirani kwa kuwasomea watu vifungu.

Afisa mipango, mtu mpole, alinipigia simu baada ya wiki tatu. "Je, 50 hazitoshi?" Nikamwomba aje tuzungumze, akaja kweli. Nilichomweleza ni mchezo wa utotoni. Ufukweni Tanga tulikuwa tunaokota vijiwe bapa tunavirusha juu ya maji. Ukikirusha kwa kulala, kinaruka mara nne tano hadi mbali. Ukikirusha kwa kusimama, kinazama mbele yako. Mawimbi ya masafa mafupi yanakwenda hivyohivyo, yanadunda kati ya tabaka la juu la anga na ardhi, na mruko mmoja haupiti sana kilomita 4,000. Kutoka kwangu hadi Tanga ni takriban kilomita 12,800. Antena ya bendi ya mita 20 ikiwa chini, nguvu yake kubwa inapanda juu, kijiwe kinazama. Ikifika kimo cha wimbi lake zima, mita 20 na kitu, yaani futi 70 hivi, inarusha kwa kulala. Aliandika yote. Kwenye ripoti yake baadaye niliyaona maneno "kijiwe bapa", nikafurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Kisha kaunti ikachomeka bango la tangazo mbele ya nyumba yangu, na barua zikaenda kwa majirani wanaopakana nami. Siku ya nne nikakuta karatasi kwenye sanduku la posta, haina jina. Iliuliza, kwa herufi kubwa, mgeni kama mimi anataka kuwasiliana na nani.

Nilikaa nayo garini muda mrefu. Mke wangu alitaka tuache. "Mume wangu, watoto wanasoma hapa," aliniambia, na alikuwa na haki. Usiku ule sikulala. Ilipofika alfajiri nikaona kwamba swali lenyewe, ukiliondolea chuki, lina jibu, na jibu nilikuwa nalo. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kuficha maana ya maneno. Hakuna mafumbo, hakuna biashara, na yeyote mwenye redio ya masafa mafupi anaweza kukaa sebuleni kwake akanisikiliza. Kiswahili naruhusiwa kusema nitakavyo. Ninachodaiwa ni kutaja herufi za kituo changu kwa Kiingereza, kila baada ya dakika kumi na mwisho wa mazungumzo. Niliyaandika hayo kwenye barua yangu kwa majirani, pamoja na hesabu ya mionzi ambayo kanuni za FCC zinamtaka kila mwenye kituo aifanye, na mwisho wa barua nikawaalika kwenye puto.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Machi nilikuwa na uzi mkononi.

Bibi wa mashariki aliniomba niende kwake. Nikamwachia mwanangu wa kwanza uzi, nikazunguka. Barazani kwake nyuma kulikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa na mto uliobonyea pale marehemu mumewe alipozoea kukaa. Akaniambia kaa. Nikakaa kwenye kile kingine, yeye akakaa kwenye ule mto. Kutoka pale nililiona puto kama anavyoliona yeye: juu ya paa langu, upande wa kushoto wa bomba la moshi, kwenye anga tupu ambamo jua linatua. Kwa miezi mitano nilikuwa nimechora ramani, nimepima umbali kutoka mipaka yote minne, na sikuwahi kuuona uwanja wangu kutoka kwenye kiti kile.

"Hapa ndipo tulipokuwa tunamalizia siku," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Nikampigia mwanangu simu. "Baba, sogea nyuma, nenda kwenye mwaloni." Puto likaanza kutembea angani, taratibu, likipigwa na upepo na kurudi. "Bado. Sogea tena." Lilipofika nyuma ya mwaloni, matawi, ingawa hayakuwa na majani bado, yakalikata vipandevipande. "Simama hapo." Bibi akainamisha kichwa, akatazama kwa jicho moja, kisha kwa mawili.

"Wakati wa kiangazi sitaliona kabisa," akasema.

Kule ni futi 40 zaidi kutoka nyumbani. Kebo ndefu zaidi inakula nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye antena, na mtaro mrefu zaidi ni kazi ya mikono yangu. Nilimwambia tutauweka pale. Jumatatu nikapeleka mchoro mpya kaunti.

Kikao cha baraza kilifanyika Mei. Kila msemaji dakika tatu. Mwanamume mmoja nisiyemfahamu aliuliza kwa nini mtu ahitaji mnara siku hizi wakati kuna WhatsApp. Nikasimulia Septemba 2017, kimbunga Maria kilipoiacha Puerto Rico bila umeme wala simu, na watu 22 wa redio ya ridhaa waliokwenda kwa ombi la Msalaba Mwekundu kupeleka taarifa za watu. Ni kweli tupu na inastahili kusemwa. Ila niliona nitakuwa nimewadanganya nikiishia hapo, kwa sababu sikuomba mnara kwa ajili ya maafa. Nikawaambia habari ya waya wa mwembeni. Kengele ikalia kabla sijamaliza.

Mwingine alihofia televisheni na mlango wa gereji. Mwenyekiti akaeleza kwamba mwingiliano wa mawimbi uko chini ya FCC, si chini yao. Mimi nikaahidi kwamba yeyote atakayepata shida nitakwenda mwenyewe na pete za feraiti, zinazozuia mawimbi yasipenye kupitia nyaya, kuzifunga kwenye nyaya zake. Baadaye nilizifunga nyumba moja, spika zikanyamaza.

Bibi alizungumza mwisho. Hakusema anaunga mkono. Alisema tu kwamba ameonyeshwa utakapokaa, na kwamba aliyemwonyesha alikuja kukaa kwenye kiti chake kwanza. Kura zilikuwa nne kwa moja. Masharti mawili: nyuma ya mwaloni, na uteremshwe kila usipotumika.

Julai nikapiga 811 waje waweke alama za mabomba na nyaya zilizofukiwa, halafu tukachimba. Shimo la futi nne kwa nne, kina futi saba, karibu yadi nne za ujazo za zege. Fundi wa lori alicheka kuona shimo la ukubwa ule kwa ajili ya antena, nami nikacheka naye. Zege likakaa mwezi. Septemba mnara ukasimama.

Jumapili moja ya Oktoba, saa kumi jioni, nikazungusha antena hadi nyuzi kama 76, mashariki ikielemea kaskazini kidogo. Kutoka nyuma ya mwaloni, mstari huo unapita sawasawa juu ya paa la bibi. Bendi ya mita 20 ilikuwa imejaa Waitalia na Wahispania. Nikapita taratibu, na chini yao, sauti moja ikaita ikianza na 5Z, kwa Kiingereza chenye lafudhi ninayoijua kama njia ya kwetu. Nikataja herufi zangu mara tatu. Akanipata. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mimi ni mtoto wa Tanga.

Kimya. Kisha: "Ewe! Tanga ipi, ndugu yangu? Nakusikia tano na tisa." Kwa lugha yetu ya redio, maana yake sauti inafika safi na kwa nguvu.

Kwake ilikuwa saa tano usiku, pwani ya Kenya, mvua ya vuli imeanza kudondoka. Nilimwita mke wangu, akaja na mikono yenye unga, akasimama mlangoni bila kusema neno. Mwenzangu akaniuliza antena yangu iko juu kiasi gani. Nikamwambia. Nikamuuliza yake.

"Mimi nina waya tu," akasema. "Umefungwa kwenye mnazi."

Tulizungumza dakika kumi na nane, nikitaja herufi za kituo kila nilipopaswa, mpaka sauti ikaanza kuzama. Kisha nikatoka nje, nikashika mkono wa winchi, nikauteremsha mnara. Jua lilikuwa bado halijatua.